Maharagi Yaliyosikika Walikale

Ninyi vijana mnaoketi siku hizi na vile vidude masikioni, mkiongea na watu ambao huenda hamtawaona sura zao kamwe, mliniomba niwaeleze namna ya kumsikiliza mtu kwa simu. Nikawajibu kwamba sijui. Mkacheka, mkadhani ni adabu za wazee. Wala si adabu. Miaka yote niliyofanya kazi ya kusikiliza watu, Masisi na Walikale, sijawahi kujua kwa nini mtu aliyevunjika moyo hupona. Nilikuwa tu pale alipokuwa anapona, na kila mara nilibaki mdomo wazi kana kwamba ni mara ya kwanza. Sasa nimestaafu, maana magoti yangu yaliamua kustaafu kabla yangu, lakini ule mshangao bado ninao. Nitawapa kidogo.

Kwanza niwatoe hofu, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha kwamba siri ya mtu haitoki nje ya mlango. Hawa nitakaowataja wako hai, tunasalimiana, na niliwasomea maneno haya kabla yenu. Majina si yao. Mwanaume alisema tu, "Sawa, Mama." Mwanamke aliweka sharti moja.

"Andika kama zile ndege zilikuwa ya kijani. Mama mukwe iko anasema zilikuwa ya bluu. Anadanganya."

Basi, ndege walikuwa wa kijani.

Chumba chetu cha kwanza cha kusikiliza kilikuwa Kitshanga, mji wa Masisi, karibu na soko. Watu wa mafunzo waliotoka mjini walituachia viti viwili vinavyotazamana, maua ya plastiki, boksi la karatasi laini za kufutia machozi, na kibao kikubwa mlangoni kinachotangaza kwamba humu wanasaidiwa walioumizwa na vita. Tukakaa. Nje ng'ombe wanapita, pikipiki zinapiga honi, akina mama wanagombania bei ya viazi, na ndani sisi tunatazama maua ya plastiki. Mtu wa kwanza kuingia alikuwa mchunga ng'ombe aliyeuliza kama tunachaji simu. Wa pili alitaka zile karatasi, na si kwa ajili ya machozi.

Nani angeingia? Kupita chini ya kibao kile ilikuwa sawa na kusimama katikati ya soko na kupaza sauti kwamba mimi yalinipata. Hata ukiingia, unakalishwa kwenye kiti na mtu anakukodolea macho. Kwetu anayekutazama usoni muda wote huo ni hakimu au mchumba, na hakuna mjane aliyekuja kutafuta mmoja kati ya hao.

Aliyeniokoa ni Mama Bernadeta. Zamani alikuwa anasaidia wakunga, na mikono yake ilikuwa mipana kama ya mtu anayekanda unga kila siku. Alipoletwa tufanye kazi pamoja, hakusema neno juu ya viti. Alikishusha kile kibao, akakilaza juu ya mawe kikawa meza, akatoka kwenda sokoni. Alirudi na malungo ya kupepetea na maharagi machafu, yamejaa mawe na makapi.

"Muntu hawezi kusema mambo ya moyo na mikono mutupu," aliniambia. "Mikono ikikosa kazi, inafunga mudomo."

Tangu siku ile, anayeingia kwetu alikuwa amekuja kuchagua maharagi. Jirani akiuliza, jibu lilikuwa hilo, na lilikuwa kweli. Tulikaa ubavu kwa ubavu juu ya mkeka, kila mmoja na lungo lake, macho chini, vidole vikitafuta mawe. Hapo ndipo maneno yalianza kutoka. Wengine walisema siku ya kwanza. Wengine walichagua maharagi mwezi mzima bila kusema kitu zaidi ya "mvua itanyesha." Shida ilikuwa moja tu. Yale maharagi yalichaguliwa na watu wengi mpaka yakawa safi kuliko maharagi yote ya Masisi, na mgeni akija hana la kufanya. Kwa hiyo jioni, wenzetu wakishaondoka, mimi na Mama Bernadeta tulikuwa tunarudisha mawe. Ndiyo, tunachukua mawe yale yale kutoka kwenye bakuli na kuyachanganya tena na maharagi, tukicheka kama wasichana. Vijana, hakuna mafunzo yaliyonifaa maishani kuliko hayo.

Riziki alifika kipindi kile maharagi yalikuwa yanatoa maua milimani. Alikuwa mwanamke mkulima kutoka vilima vya juu ya Kitshanga, mama wa mtoto mmoja wa kike, Neema. Mke wa katekista ndiye aliyemshawishi aje. Alikaa, akavuta lungo. Alikuwa na namna yake ya kuchagua ambayo sijaiona kwa mwingine: kila akipata jiwe, kabla ya kulitupa, anagonga ukingo wa lungo kwa kidole. Tok. Kisha jiwe. Tok. Kisha jiwe. Alikuja mara kadhaa, na zaidi ya ile tok hakuniambia kitu.

Siku moja alisema bila kuinua macho, "Mama Jeannine, miye nilishazikwa."

Nilidhani anasema kwa mafumbo. Kumbe alikuwa anasema habari.

Vita vilipofika kwenye kilima chao, watu walikimbia ovyo, kila mmoja na njia yake. Faustin, mume wake, alikimbia na mtoto. Riziki alikamatwa na watu wenye silaha, wakaingia naye porini. Yaliyompata kule ni yake, sitayaandika hapa, na ninyi msiulize. Alikaa huko muda mrefu. Huku nyumbani akatokea mtu aliyeapa kwamba aliuona mwili wake. Faustin alimtafuta, akazunguka njia zote za kutoka porini, mpaka wazee wa familia wakamwambia inatosha, mtu lazima alale mahali. Sasa katika familia ile wana desturi: mwili usipopatikana, wanazika shina la mgomba, wamelifunga ndani ya nguo ya marehemu, ili walio hai wapate mahali pa kulilia. Wakachimba. Katekista akasali, wazee wakafanya yao. Faustin akanyolewa nywele. Nguo za Riziki zikagawanywa kwa ndugu, kama inavyofanyika.

Halafu Riziki akarudi kwa miguu yake mwenyewe.

Wa kwanza kumwona alikuwa wifi yake, kwenye chemchemi, na alikuwa amevaa blauzi ya Riziki. Alitupa bidoni la maji na kukimbia akipiga kelele. Riziki alinisimulia hayo bila hata kutabasamu, na mimi sikujua uso wangu niuweke wapi. Alipofika nyumbani, Faustin alisimama mlangoni kama mti. Hakumgusa wala hakusema neno. Asubuhi iliyofuata aliondoka kwenda kupasua mbao kwenye misitu ya Walikale, na hakurudi.

"Batu balisema hanitaki tena," Riziki aliniambia. "Balisema bwana gani atalala na mwanamuke mwenye alitoka kule."

Tok. Jiwe.

Ndugu walirudisha nguo kwa aibu, moja moja, usiku wanaziacha mlangoni. Blauzi ilirudi, sweta ilirudi, hata leso. Kitu kimoja hakikurudi, nacho ni kikwembe chake cha ndege, kile kitenge chenye picha za ndege alichonunua kwa ubatizo wa Neema. Aliuliza nyumba baada ya nyumba. Mama mkwe ndiye aliyejibu mwisho, kwamba kikwembe kile kilifungwa kwenye mgomba, kiko kaburini. Tangu hapo Riziki aliacha kulala. Alitetemeka hata jua likiwaka. Hakupika tena. Aliniuliza, "Mufu anapikaka?"

Kijana mmoja tuliyekuwa naye kazini, mwenye moyo mzuri na haraka nyingi, alimwambia, "Lakini Mama Neema, uko muzima, jiangalie!" Riziki akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto anayekueleza mambo ya ndoa. Mtu anayesema amezikwa msimvute juu kwa nguvu. Mimi nilimuuliza, "Huko chini kuko namna gani?" Akaanza kuniambia. Aliongea mpaka maharagi yakaisha kwenye malungo yote mawili. Nilirudi nyumbani nikitembea polepole barabarani, nikiwatazama watu wote wa soko, nikijiuliza ni wangapi kati yao wanatembea huku wako chini, na bado wanauza nyanya, wanarudisha chenji, wanauliza habari za watoto. Nilitaka kumvulia kofia kila mmoja, na sikuwa na kofia.

Kulikuwa na jambo moja lililotubana. Kaka yake Riziki alikuwa ametuma ujumbe: mavuno ya maharagi yakiisha, atakuja kumchukua yeye na Neema, awarudishe kwao. Ninyi mnajua maana yake. Kaka akishabeba sufuria za dada yake, ndoa imekufa, na hakuna anayeifufua. Riziki hakupinga. Alisema wafu wanabebwa, hawachagui njia.

Sasa niwaambie habari ya simu.

Simu ililetwa kwetu ili watu walio mbali, kule Walikale na vijiji vya msituni, nao wapate kusikilizwa. Mama Bernadeta aliikataa kabisa. "Akilia, utamupatia mai ya kunywa kupitia wapi?" aliuliza. Mimi nilikubaliana naye. Kwetu kufariji ni kufika. Unafika kwenye kilio, unakaa chini, hata husemi kitu, na wenye msiba wanajua umefika. Kwenye simu unafikaje? Lakini kazi ni kazi. Redio ya kijiji ikatangaza namba, na mimi nikakabidhiwa simu. Wa kwanza kupiga aliomba nimtafutie mchumba Kitshanga, mrefu, anayejua kutengeneza jibini.

Kisha akaanza kupiga yule asiyesema.

Nilisikia mvua kwenye majani, nilisikia pumzi, nilisikia watu nyuma yake wakinung'unika. Baadaye nilielewa kwamba pale alipokuwa, rezo, yaani mtandao wa simu, ilipatikana juu ya kichuguu kimoja tu nyuma ya kanisa, na watu walipanga foleni kukipanda. Nilisema yale niliyofundishwa. Niko hapa, kaka. Chukua nafasi. Hakuna anayekuharakisha. Kimya. Akapiga tena siku nyingine, kimya. Maneno yangu yaliniishia. Ndipo nikakumbuka kilio. Nikasema, "Kaka, mimi nitakaa." Nikaiweka simu juu ya kile kibao chetu, nikavuta lungo, nikaanza kuchagua maharagi.

Tulikaa hivyo muda mrefu sana, yeye msituni, mimi Kitshanga, na maharagi yakidondoka. Kisha sauti ya mwanaume ikasema, "Mama, uko unachagua maharagi?"

"Ndiyo, kaka."

"Ni ya wapi?"

"Ya Masisi. Lakini iko na mawe mingi."

"Ah," alisema. "Ya Masisi." Akaanza kulia.

Wanangu, mimi nimeona mambo. Lakini jambo kama la siku ile sijaliona tena. Harage likianguka kwenye lungo halina sauti ya kumwamsha hata mtoto mchanga. Na bado ile sauti iliruka milima, ikapita msitu wote ule wa Walikale, ikamkuta mtu juu ya kichuguu, ikafika pale ambapo maneno yangu yote yalishindwa kufika. Niliita, "Mama Bernadeta, njoo usikie!" kisha nikajiziba mdomo, maana sikuwa na haki ya kumwita mtu yeyote. Alikuwa amekwisha kuja mlangoni. Alisimama hapo, akatikisa kichwa, akaenda zake. Kuanzia siku ile hakuisema vibaya simu tena.

Yule mwanaume alianza kupiga alfajiri, wakati kwenye kichuguu kuna kuku wa mchungaji peke yao. Alisema kidogo kidogo. Alisema anapasua mbao. Alisema hali vizuri. Halafu akasema alimzika mke wake akiwa hai.

"Miye njo niliacha kumutafuta," alisema. "Bazee balisema tuzike, nikaitika. Nilinyolewa. Nilikula chakula ya matanga, Mama, nikashiba. Kumbe yeye iko kule anangoya nifike. Sasa nitamuangalia na macho gani?"

Mikono yangu ilisimama juu ya lungo. Sikuuliza jina. Sikuhitaji. Ninyi siku hizi mngekataza msikilizaji mmoja kuwasikiliza mume na mke, na mngefanya vizuri. Wakati ule namba ilikuwa moja na mimi nilikuwa mmoja.

Nilikuwa na mwanamke anayesema, ananichukia kwa sababu nilitoka kule. Nilikuwa na mwanaume anayesema, sistahili kumtazama. Mmoja ananiambia mchana, mwingine alfajiri, na mimi katikati na mdomo wangu uliofungwa. Halafu likaja lile lililokaribia kunipasua kifua. Siku moja Faustin akaniambia kwamba wazee walipomwambia aingie ndani na mgomba aufunge kwa nguo, alishika kikwembe cha ndege, na mikono ikakataa.

"Nilishindwa kukipana. Nikafungia mugomba na koti yangu, nikazungushia mukeka na kamba, nikawapatia. Hakuna mwenye alifungua. Kikwembe niko nacho hapa. Njo kile nalaliaka usiku."

Kikwembe hakikuwa kaburini! Na wiki ile ile Riziki akaja, akakaa ubavuni kwangu, tok, jiwe, akasema, "Mama, naota niko nacho chini, na iko inaoza." Nikainamia lungo langu. Neno moja tu lingetosha kumwondolea ile ndoto, na sikuwa nalo, kwa sababu halikuwa langu. Nilimwomba Faustin ruhusa. Akakataa kwa hofu. Watu watamcheka, mwanaume mzima anabeba kikwembe cha mke wake porini. Na wazee watasema alidanganya msiba wote. Nilimwomba tena, akakata simu.

Mashamba yakaanza kuwa ya njano. Watu wakaanza kung'oa maharagi na kuyaanika mbele ya nyumba. Nilimwendea Mama Bernadeta. Sikumwambia siri, nilimwambia tu nina neno ambalo litaniua.

"Ile si mimba yako, Jeannine," alisema. "Utamushika mukono, utamupanguza jasho. Kuzaa atazaa yeye."

Nilikasirika naye. Nilirudi nimenuna, nikapika bugali yangu nimenuna, nikala nimenuna.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipouona ule mkono unaoponya ambao siujui jina lake.

Ilikuwa mchana. Riziki alikuwa amekuja kuniaga. Kaka yake atafika wiki ijayo, alisema. Alivuta lungo kwa mazoea tu, akaanza kuchagua. Simu ikalia. Niliipokea ili niseme nitampigia baadaye, lakini kabla sijasema, Faustin alikuwa ameshaanza. Motari mmoja, dereva wa pikipiki, alikuwa amemletea habari za huyo kaka, na alikuwa amepanda kichuguu mbele ya foleni yote. Aliongea haraka. Halafu akanyamaza ghafla.

"Mama," alisema polepole. "Leo si weye unachagua."

Sikujibu. Ndiyo haikuwa yangu kusema, na hapana ingekuwa uongo.

"Iko anagonga lungo na kidole. Ni mutu mumoja tu anagongaka vile." Nyuma yake foleni ilikuwa inamwambia ashuke. "Riziki iko hapo."

Tok. Jiwe. Riziki alikuwa hajui lolote, anaendelea na kazi yake. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya chumba nimeshika simu kwa mikono miwili, na namshukuru Mungu kwamba sikuwa na nguvu ya kusema neno la kijinga.

"Mumupatie simu," alisema Faustin. "Ninaomba, Mama. Sasa hivi, mbele woga haijarudia."

Niligeuka. "Mama Neema, kuna mutu kwa simu anaomba kusema na weye. Una haki ya kukataa. Hakuna mutu atakuuliza sababu."

Riziki aliitazama simu. Nadhani alijua. Alipangusa mikono kwenye nguo yake, akaipokea, akaiweka sikioni bila kusema hata alo. Mimi nilitoka nje, nikakaa na akina mama wa viazi, nikanunua viazi ambavyo sikuvihitaji. Aliponirudishia simu, uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

"Anasema kikwembe iko naye," alisema. "Anasema nifike Kashebere siku ya soko. Mama, utanisindikiza?"

Tulikwenda kwa pikipiki, kwenye matope ambayo sitayasimulia, maana sehemu nyingine za mwili wangu bado zinayakumbuka. Kashebere iko pale Masisi inapoishia na Walikale inapoanza. Siku ya soko maharagi yanashuka kutoka kwetu na mafuta ya mawese yanapanda kutoka kwao. Faustin alikuwa amesimama karibu na muuza maharagi, amekonda, vumbi la mbao kwenye nyusi. Walisimama wakitazama chini, kila mmoja akiangalia viatu vya mwenzake. Sikuwa na neno, na safari hii sikulitafuta. Riziki ndiye aliyechuchumaa mbele ya malungo ya yule muuzaji, akaanza kuchagua. Faustin akachuchumaa ng'ambo ya lungo lile lile. Yule mama muuzaji alinitazama kwa mshangao, nami nikamfanyia ishara, waache. Aliwaacha kwa furaha, maana nani anakataa vibarua wa bure?

Baada ya muda Faustin alifungua mfuko wake, akatoa kikwembe, akakiweka magotini mwa mke wake. Ndege wa kijani, wamepauka, wananuka moshi. Riziki alikishika, akakigeuza, akatafuta pindo alilolishona mwenyewe. Akasimama, akajifunga juu ya nguo aliyovaa, akachuchumaa tena.

"Mule chini iko nini?" aliuliza.

"Koti yangu."

"Koti gani?"

"Ile ya ndoa."

Tok. Alilishika lile jiwe kidogo kabla ya kulitupa. "Kumbe mufu ni weye."

"Ni miye," alisema Faustin.

"Njo maana umekonda vile!" Akacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa lungo, akicheka na kulia pamoja, na Faustin akabaki amemtazama usoni, waziwazi, kwa macho yale yale aliyosema hana. Kisha Riziki akajipangusa kwa ncha ya kikwembe. "Basi tuende tukufukule."

Msidhani kwamba hapo yaliisha. Walikuja kwangu baada ya hapo muda mrefu, pamoja na kila mmoja peke yake. Kuna siku Riziki anatetemeka mpaka leo, na kuna siku Faustin anatoka nje katikati ya chakula na anarudi baadaye. Wanagombana juu ya chumvi. Mtu aliyepitia yale haponi kama jipu lililotumbuliwa. Lakini nawaambia ninyi mnaodhani mashine yenu haina mikono: mimi nilimwona mtu akimtambua mke wake kwa kidole kimoja kwenye ukingo wa lungo, kutoka Walikale, na mkija kusikia kimya upande wa pili, msikimbilie kukijaza. Hamjui mwenzenu anasikia nini kutoka kwenu.

Kaburi lilifukuliwa mchana, watu wote wakiona. Wazee walinung'unika. Mama mkwe alisimama pembeni, akakitazama kikwembe kiunoni mwa Riziki na kusema kwamba hicho si chenyewe, chenyewe kilikuwa cha bluu. Katekista aliitwa, akafungua kitabu chake, akakifunga. Alisema anajua sala ya kuingiza mtu na hajui ya kumtoa, basi atasoma ile ya mavuno. Faustin aliingia shimoni akachimba, na Riziki akawa anavuta udongo kwa jembe, Neema amekaa juu ya kile kilima kidogo cha udongo akila muwa. Mimi nilisimama nyuma ya watu wote, magoti yananiuma, na sikutaka kukaa.

Ndipo kaka yake Riziki alipofika, na kamba zake za kufungia mizigo, na kijana wa kumsaidia kubeba sufuria. Aliona umati, aliona shimo, akavua kofia.

"Poleni," alisema. "Munazika nani tena?"

Riziki akaegemea jembe lake.

"Hatuziki muntu, kaka," alisema. "Tuko tunatoa."

Alimtazama dada yake toka kichwani mpaka miguuni. Akamtazama Faustin, aliyekuwa ndani mpaka magotini, ameshika mkononi koti lililooza lenye vifungo vizima. Akaziweka kamba chini, akavua viatu, akaomba jembe.